Ghala la Maneno na Funguo Zake: Uhakiki wa Mwongozo wa Kichujio cha SpamAssassin

Miongozo ya kompyuta haihesabiwi miongoni mwa tanzu za fasihi, wala si desturi ya wahakiki wa Kiswahili kuigusa. Huachiwa mafundi, nao mafundi huisoma kwa haraka, wakitafuta mstari mmoja wa kunakili. Hata hivyo mwongozo ni andiko. Una msamiati wake, una sitiari zake, na una msomaji uliomkusudia. Na palipo na hayo hapana budi pawe na kazi ya mhakiki. Makala haya yanaangalia sehemu moja tu ya mwongozo wa SpamAssassin, programu ya kuchuja barua pepe taka. Sehemu yenyewe ni ile inayoeleza mahali ambapo programu huhifadhi maneno iliyojifunza, na ruhusa za faili zinazolinda mahali hapo. Kwa mtazamo wa kwanza hakuna sehemu kavu kuliko hiyo. Dai litakalotetewa ni kwamba ndipo hapo programu inapofichua nadharia yake kuhusu neno ni kitu gani, na kwamba nadharia hiyo imekatwa kwa kipimo cha Kiingereza.

Historia yake ni fupi. Justin Mason aliitoa programu hii kwa umma mwezi wa Aprili 2001, na mwaka 2004 ikaingia chini ya Apache Software Foundation. Msingi wake wa awali ni kanuni zilizoandikwa na watu. Kila kanuni ina alama yake, na barua ikifikisha jumla ya alama 5 huhukumiwa kuwa taka. Mwaka 2003, katika toleo la 2.50, iliongezwa njia ya pili, kufuatia mjadala uliochochewa na insha ya Paul Graham ya Agosti 2002 iitwayo A Plan for Spam. Katika njia hii programu haiambiwi taka ni nini. Huonyeshwa barua mbaya na barua njema, huyahesabu maneno ya kila upande, kisha hukadiria uwezekano kwa hesabu inayobeba jina la Thomas Bayes. Haianzi kutoa hukumu ya namna hii mpaka iwe imefundishwa barua 200 za kila upande.

Majina ya pande hizo mbili yanastahili neno moja kabla ya kupita. Mwongozo huziita barua mbaya spam, na barua njema ham. La kwanza ni jina la nyama ya kopo, hasa ya nguruwe, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937, na lililopata maana ya kero kutokana na mchezo wa kuchekesha wa kundi la Monty Python ulioonyeshwa katika televisheni ya Uingereza mwaka 1970. La pili ni paja la nguruwe. Mzaha huo una ladha kwa wenyewe; lakini msomaji wa Lamu au Unguja akiambiwa kwamba barua zake njema ndizo nyama ya nguruwe, atacheka kwa sababu nyingine kabisa. Kiswahili kimefanya vyema kuiacha sitiari hiyo na kusema barua taka, na kwa upande wa pili barua halali. Ila ubora wa istilahi usimpumbaze mhakiki. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba maneno yanayoonekana kwenye kioo cha kompyuta yaweza kuwa ya Kiswahili fasaha. Yanayohusu makala haya hayaonekani kwenye kioo. Yamo ghalani.

Ghala la SpamAssassin, katika umbo lake la kawaida, ni faili chache zilizo katika saraka iliyofichwa ndani ya makao ya kila mtumiaji. Moja hubeba maneno na hesabu zake. Ya pili hukumbuka barua zilizokwisha kusomwa ili zisifundishwe mara mbili. Ya tatu ni daftari la muda, ambamo habari huandikwa kwanza na kuhamishiwa ghalani baadaye. Mahali pa faili hizi hutajwa kwa mpangilio uitwao bayes_path, na hapa mwongozo unawatatiza wengi. Msimamizi wa mfumo husoma jina hilo akadhani anaombwa jina la saraka. Kumbe anaombwa saraka pamoja na mwanzo wa jina la faili, ambao programu yenyewe itauongezea _toks, _seen au _journal. Ndiyo maana mifano mingi huishia na bayes/bayes, jambo linaloonekana kama kosa la kupiga chapa. Mtu wa isimu hapati taabu hata kidogo: kilichoombwa ni mzizi, na programu inatia viambishi tamati. Maelezo ya aina hiyo yangewaokoa wasimamizi wengi kuliko aya nzima ya tahadhari. Ajabu ni kwamba programu inayojua kutumia mzizi na kiambishi katika majina ya faili zake haijui kabisa kuvitafuta katika maneno inayoyahifadhi. Jambo hili litarudiwa hapa chini.

Baada ya mahali huja ruhusa. Mfumo wa Unix, ambao programu hii imezaliwa humo, huwagawa watu wote katika makundi matatu: mwenye faili, kikundi chake, na wengine. Kila mmoja hupewa au hunyimwa mambo matatu, kusoma kwa thamani ya 4, kuandika kwa 2, na kutekeleza kwa 1. Jumla yake ni tarakimu moja kwa kila kundi. Mpangilio wa bayes_file_mode huanza na 0700, yaani mwenyewe ana yote na wengine hawana lolote. Mwongozo unamtaka msimamizi atie pia ile biti ya kutekeleza, kwa sababu tarakimu hizo hizo huenda zikatumika kuunda saraka, ingawa faili zenyewe hazitapewa biti hiyo.

Tafsiri ya kawaida ya biti hiyo ya tatu, kutekeleza, ni sahihi kwa faili lakini ni ya kupotosha kwa saraka. Saraka haitekelezwi. Kwa saraka, ruhusa ya kusoma ni kuona orodha ya majina yaliyomo. Ya kuandika ni kuongeza jina au kuliondoa. Na ya tatu ni kupita ndani hadi kuifikia faili yenyewe. Mtu aweza kuyaona majina yote ya ghala kutoka kizingitini bila kuweza kugusa faili hata moja. Mwingine aweza kuifikia faili aijuayo jina bila kuweza kuona kuna nini kingine mle. Kiswahili kina hazina ya kutosha kutenganisha mambo haya, na lugha ya hodi na karibu haikupaswa kukopa neno moja kwa ajili ya kazi mbili. Ruhusa ya kupita ni istilahi ya wazi, na ingetumiwa pale palipo na saraka, fundi asingehitaji kukariri asichokielewa.

Tofauti hii si ya kinadharia tu. Ghala likijaa, programu hulipunguza kwa kuandika faili mpya na kuipa jina la ile ya zamani. Faili mpya huwa mali ya mtumiaji ambaye kazi hiyo ilifanyika kwa jina lake. Ikiwa ni msimamizi mkuu aliyeendesha amri, watumiaji wengine hujikuta asubuhi wamefungiwa nje ya ghala walilokuwa wakiliandikia jana, na ruhusa walizopewa juu ya faili ya zamani zimekwenda nayo. Kazi hiyo ikikatizwa katikati, mabaki ya faili za muda hubaki saraka ileile na kula nafasi ya diski. Dawa inajulikana: saraka iwe ya kikundi kimoja maalumu, ipewe 2770 ili kila faili mpya irithi kikundi cha saraka, na kila mchakato unaogusa ghala uendeshwe na mtumiaji mmoja au wanakikundi wake. Wasimamizi wengi, kwa uchovu, hukimbilia 0777, yaani kila mtu na kila kitu. Ni sawa na kuung'oa mlango kwa sababu ufunguo umepotea.

Kuna kosa jingine lililo kimya zaidi. Barua inapoingia, mchakato unaoichuja waweza kuwa unaendeshwa na mtumiaji maalumu wa huduma ya barua, au na yule ambaye Unix humwita nobody, mtu asiyekuwa mtu. Mwalimu naye hukaa akaifundisha programu kwa jina lake mwenyewe, kwa amri ya sa-learn, barua baada ya barua. Kila mmoja ana makao yake, na kwa hiyo kila mmoja ana ghala lake. Mwalimu anajaza ghala ambalo kichujio hakilisomi. Kichujio kinasoma ghala ambalo hakuna anayelifundisha. Hakuna onyo linalotokea, kwa kuwa kila mmoja ana ruhusa kamili katika makao yake. Kati ya makosa yote ya ruhusa hili ndilo baya kuliko yote, kwani halitokani na kunyimwa.

Swali la kichujio kufundishwa na nani, na kwa lugha gani, halitenganishwi basi na swali la ruhusa. Ghala la mtu binafsi, la 0700, lina heshima yake: barua za mtu ni siri yake. Lakini mtu anayepokea barua chache za Kiswahili kati ya nyingi za Kiingereza aweza kukaa miezi mingi kabla Kiswahili chake hakijawa na uzito wowote. Ghala la pamoja hukusanya upesi, ila hukusanya lugha ya walio wengi. Mwongozo hauligusi jambo hili. Unamchukulia mtumiaji kama mtu wa lugha moja, na lugha hiyo haina haja ya kutajwa. Maelezo ya ripoti za programu yamefasiriwa kwa Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano, Kiholanzi, Kipolandi na Kireno cha Brazil. Kati ya faili hizo za lugha ya Kiswahili haimo. Upungufu huo ni wa juu juu. Uzito wa jambo uko katika namna neno linavyokatwa kabla ya kuwekwa ghalani.

Programu hukata matini palipo na nafasi na alama, na kila kipande, ambacho hapa kitaitwa kipashio, hupewa hesabu yake. Kipashio chenye herufi chini ya 3 hutupwa. Kwa Kiingereza hasara ni ndogo. Kwa Kiswahili matokeo yanachekesha: viunganishi vya, cha na kwa vinahifadhiwa, ilhali ya, wa, la na za vinatupwa. Programu imezigawa ngeli za Kiswahili kwa idadi ya herufi, kigezo ambacho hakuna mwanasarufi aliyewahi kukifikiria.

Kipashio kirefu kupita herufi 15 nacho hakihifadhiwi kizima. Hubakizwa herufi 7 za mwanzo pamoja na alama ya kuonyesha kwamba kimekatwa. Hapa ndipo nadharia ya neno inapojifichua. Neno la Kiingereza kama responsibilities, lenye herufi 16, likikatwa hubaki respons, na maana yake haijapotea, kwa sababu lugha hiyo hupenda kuweka mzizi mbele na minyambuliko nyuma. Chukua sasa watakapowasiliana, lenye herufi 17, na watakapotapeliwa, lenye herufi 16. Yote mawili huingia ghalani kama watakap. Kimebaki kiambishi cha nafsi, kimebaki kiambishi cha wakati, umebaki mwanzo wa kirejeshi, mzizi umetupwa. Mawasiliano na utapeli vimekuwa kitu kimoja, na hilo katika programu ambayo kazi yake pekee ni kuvitenganisha.

Yaweza kujibiwa kwamba maneno marefu hivyo si mengi, na jibu hilo lina haki yake. Maneno mengi ya barua ya kawaida ya Kiswahili hayafiki herufi 16. Lakini hayo mafupi nayo yana tatizo lake, ambalo ni la nafasi. Mpangilio wa msingi huruhusu vipashio 150,000, takriban megabaiti 8 za diski. Kiwango hicho kikipitwa programu huondoa vile ambavyo havikuonekana kwa muda mrefu. Kitenzi cha Kiingereza humaliza haja zake kwa maumbo manne au matano. Kitenzi kimoja cha Kiswahili, tuseme -lipa, kikichukua viambishi 6 vya nafsi na alama 6 tu za wakati na hali, tayari kina maumbo 36. Kitiwe viambishi vya yambwa vya watu na jumla itapita 150, na hapo hakujaguswa kukanusha, wala kulipia, kulipwa, kulipisha na kulipana. Nimemlipa, tutawalipa na akikulipa ni wageni watatu wasiojuana. Kila mmoja huonekana mara moja au mbili, halafu huondolewa ghalani kwa kosa la kutorudi mapema.

Kipashio kilichoonekana mara chache hukadiriwa karibu na nusu, yaani hakishuhudii wema wala ubaya, na programu haikitii maanani. Barua ya Kiswahili basi hupimwa kwa anwani iliyotoka, kwa vichwa vyake vya kiufundi, na kwa maneno machache ya Kiingereza yaliyochanganywa humo. Mwili wake, yaani ule ambao mwandishi aliufanyia kazi, hausomwi. Tapeli stadi wa Kiswahili ananufaika na ukimya huo. Maneno yake, kama yale ya ujumbe mashuhuri wa simu unaomwambia mtu atume ile hela kwa namba hii, ni ya kawaida na machache mno hata bila kichujio kuwa kiziwi.

Hatari iko pia upande wa pili, na ndiyo kubwa. Programu ina orodha ya maneno yasiyohesabiwa kwa sababu yamo katika kila barua. Katika matoleo yote ya kabla ya 4.0 orodha hiyo ilikuwa ya Kiingereza peke yake: this, that, for, from na wenzao. Kinga hiyo haikuwahusu hii, hiyo, kwamba, lakini na kama. Watu nao wana tabia ya kuripoti taka na kutoripoti barua njema. Ikitokea kwamba barua za kwanza za Kiswahili kufundishwa katika ghala la pamoja ni za matapeli, kwamba na lakini huandikwa kuwa mashahidi wa utapeli. Kuanzia siku hiyo mwanafunzi anayemwandikia mhadhiri wake kwa Kiswahili sanifu anaongeza ushahidi dhidi yake kwa kila kiunganishi anachokitumia, na kadiri anavyoandika kwa ufasaha ndivyo anavyozidi kujishtaki. Mwenzake anayeandika kwa Kiingereza hana hatari hiyo. Hakuna aliyekusudia dhuluma hii. Imetokana na orodha fupi ya maneno ambayo hakuna aliyefikiri kuwa ni ya lugha fulani.

Kuhusu ruhusa ya kusoma, pana tahadhari ya kupunguza hofu. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2004 ghala halihifadhi neno lenyewe bali alama ya baiti 5 inayotokana na hesabu ya SHA1. Anayefungua faili haoni barua wala maneno. Aweza tu kukisia neno na kupima kama limo. Kwa hiyo wanaopinga ghala la pamoja kwa hoja ya siri peke yake wanaikuza hoja yao kupita kiasi. Ruhusa ya kulindwa kwa wivu ni ya kuandika, kwa maana anayeandika ndiye anayefundisha, na 0777 humfanya kila apitaye kuwa mwalimu. Fumbo hilo la baiti 5 lina gharama yake kwa wataalamu wa lugha: hakuna anayeweza kulifungua ghala akasoma ni Kiswahili cha namna gani kilichomo. Kosa likishaingia halisahihishwi neno kwa neno. Barua husahaulishwa, au ghala hufutwa na kuanzwa upya.

Toleo la 4.0 la mwaka 2022 limefungua kile kilichokuwa kimefungwa. Kipimo cha herufi 15 sasa chaweza kubadilishwa, na mpangilio wa bayes_stopword_languages unamruhusu msimamizi kuongeza lugha yoyote kwa kuandika orodha yake ya maneno yasiyohesabiwa. Orodha ya namna hiyo kwa Kiswahili si kazi ya fundi. Je, kuwa iwemo? Na kuwa na? Je, kama cha sharti na kama cha mfanano, ambavyo programu haiwezi kuvitofautisha? Je, ujumbe, salamu na ndugu, ambayo si viunganishi lakini yamo katika kila barua ya heshima, nayo matapeli huyapenda? Haya ni maswali ya matumizi ya lugha, na idara za lugha zina watu wa kuyajibu. Kurefusha kipimo hadi herufi 20 au zaidi kutaokoa mzizi wa watakapotapeliwa, ingawa kutaongeza idadi ya vipashio. Kwa hiyo nafasi ya 150,000 nayo iongezwe. Megabaiti chache zaidi si mzigo kwa seva yoyote ya leo. Kukata viambishi kabla ya kuhifadhi kungekuwa dawa bora kuliko hizo zote, lakini hilo programu haijalipata.

Pabaki jambo moja dogo la kuchunguzwa katika kila seva inayohudumia watu wa Kiswahili. Kiambatisho cha TextCat, ambacho hakifanyi kazi mpaka msimamizi akiwashe, hukisia lugha ya barua, na orodha ya lugha zake inacho Kiswahili kwa alama ya sw. Msimamizi aliyekiwasha na kuandika en peke yake katika ok_languages ameiongezea alama za taka kila barua itakayotambuliwa kuwa ya Kiswahili, kabla ghala halijaulizwa lolote. Mstari huo umo katika faili ya usanidi ambayo kwa kawaida kila mtumiaji wa seva ana ruhusa ya kuisoma, ingawa ni msimamizi peke yake awezaye kuiandika.